Bega limekataa kunyanyuka tangu nichomwe chanjo ya mafua, fidia nadai kwa nani? (Marekani)

MbebaBox_TX: Wakuu salaam. Niko Texas, nalea wazee. Mwaka jana mwezi wa 10 kazini walitaka wote tuwe na chanjo ya mafua, nikaenda famasi moja hapa mtaani, yule kaka akanichoma juu kabisa karibu na mfupa, usiku uleule mkono ukaanza kuwaka na mpaka leo miezi 8 hata kufunga sidiria siwezi, kumgeuza mzee kitandani ndo usiseme. Bili za fizio zinakuja tu. Wakili mmoja wa ajali kanambia famasi hawezi kuishtaki. Sasa nimshtaki nani? Halafu mi sio raia, nisije nikajichongea.

Babu_Kijiwe: Pole mwanangu. Hajakudanganya ila kakuachia njiani. Tangu sheria ya 1986 mambo ya chanjo kama hiyo yanaanzia kwenye mfuko wa serikali wa fidia za chanjo unaitwa VICP, unafungua madai mahakama ya shirikisho iliyoko Washington na anayeshtakiwa ni Waziri wa Afya kwa cheo chake. Hela yenyewe ni kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa kwenye dozi, kwahiyo hata yako ulishaichangia 😄. Tatizo lako lina jina, SIRVA, yaani bega kuumia kwa uchomaji wa chanjo, limo kwenye jedwali lao la madhara wanayoyatambua toka 2017: maumivu yaanze ndani ya saa 48, bega liwe zima kabla, na usumbufu uzidi miezi 6. Uraia sio sharti.

Mama_Pacha: Angalieni ni chanjo gani lakini!! Mi yangu ilikuwa ya korona 2021 nikajua ni mfuko uleule, kumbe ile iko mfuko mwingine, CICP, mwaka mmoja tu toka siku ya kuchanjwa na maumivu hawalipi, wakili hawalipi. Nimekuja kushtuka muda umeshapita. Nyie wa mafua mnayo miaka 3 toka dalili ya kwanza, bahati yenu.

MbebaBox_TX: Asanteni. Wakili ntamlipa na nini sasa?

Babu_Kijiwe: Usitoe asilimia kwa mtu, sheria inamkataza. Korti ndo inamlipa, hata mkishindwa, ilimradi mlidai kwa nia njema na madai yana msingi. Tafuta anayefanya kesi za chanjo tu, sio huyo wa magari. Fidia ya maumivu mwisho wao dola 250,000, mishahara iliyopotea na matibabu ni hesabu nyingine. Ila usikope kwa kutegemea hiyo hela, inaweza kula miaka. Swali: hospitali ulienda lini?

MbebaBox_TX: Baada ya miezi miwili 😬 nilidhani itaisha yenyewe.

Babu_Kijiwe: Hapo ndo watakubana, watasema nani anajua yalianza lini. Daktari aliandika ni toka siku ya sindano?

MbebaBox_TX: Sina uhakika. Ila usiku ule nilimtumia dada WhatsApp "huu mkono utaniua" na picha ya plasta bado iko begani.

Mama_Pacha: Usibadilishe simu kabla hujaihifadhi hiyo! Na kesho kaombe faili lako lote.