MREJESHO: Simu zilizokuwa zinamaliza anwani za kompyuta, Bukavu

Habari za leo wakubwa. Ni mimi wa siberi (duka la intaneti) ya Ibanda, niliyeuliza kwa nini simu za wateja zinachukua anwani za mtandao (IP) nilizotengea kompyuta, ingawa kwenye dnsmasq, programu inayogawa anwani hizo, nilishazipa simu fungu lao, 192.168.10.100 hadi 200.

Ndugu aliyesema fungu la kompyuta liko wazi kwa wote alipatia palepale. Mstari wa dhcp-vendorclass=set:simu,android-dhcp, unaozipa Android alama ya "simu", ulikuwa sawa. Fungu la pili, la kompyuta, ndilo halikuwa na alama yoyote, kwa hiyo simu yenye anwani ya zamani ya fungu hilo iliendelea kuiomba na kupewa tena. Nimeweka tag:!simu hapo, yaani kila kifaa isipokuwa chenye alama ya simu.

Kufuta faili ya leases (orodha ya anwani zilizokwisha kugawiwa) kulinitesa. Nilifuta dnsmasq ikiwa inatembea, na orodha ikarudi yote kama mzuka, kumbe inaishika kwenye memori. Simamisha kwanza, futa, halafu washa. Tangu Jumatatu Android zote ziko kwao, hata umeme ukikatika na kurudi.

iPhone bado. Nimeangalia kwa tcpdump, programu ya kuchungulia yanayopita kwenye mtandao: zinazokuja hapa hazitumi opsheni ya 60 kabisa, ile inayotaja aina ya kifaa na ambayo mstari wa vendorclass unaisoma. Zile mbili za wafanyakazi nimezizimia anwani binafsi ya Wi-Fi (ile inayoficha MAC, namba halisi ya kifaa), nikaziandika moja moja kwa mstari wa dhcp-host wenye set:simu. Za wateja nimeziacha, maana MAC zao ni za kubuni, na siwezi kumwomba kila mtu simu yake.

Aksanti sana, hasa mzee wa Goma aliyenivumilia hadi saa tano usiku.