Prosesa inafika 100% nikirusha GTA V kwa OBS, nimeshusha bitireti lakini hakuna kinachobadilika

mchezaji_himbi (Goma)

Jambo ndugu zangu. Mashine ni laptopu yenye Core i5-9300H, kadi ya picha GTX 1650, RAM 8 GB katika bareti moja (kipande kimoja cha RAM), Windows 11. Natumia OBS Studio, programu ya kurusha video, kurusha mchezo wa GTA V moja kwa moja mtandaoni.

Mpangilio wangu: enkoda (inayosimba, yaani kubana video kabla haijatumwa) x264 inayotumia prosesa, priseti (undani wa kazi ya enkoda) medium, picha 1920x1080, fremu 60 kwa sekunde, bitireti (data inayotumwa) kilobiti 6000 kwa sekunde. Mchezo peke yake unakwenda vizuri, fremu 80 hadi 100. Nikianza kurusha, prosesa inapanda 97 hadi 100%, chini ya dirisha la OBS linatoka onyo kwamba enkoda imezidiwa, na watazamaji wanaona picha inagandaganda huku sauti ikiendelea.

Nimeshusha bitireti hadi 4000, kisha 2500. Picha imezidi kuwa na ukungu, lakini prosesa iko palepale. Nimekosea wapi?

---

fundi_ibanda (Bukavu)

Mdogo wangu, kabla ya kugusa kitu kingine fungua dirisha la Statistiques ndani ya OBS, urushe dakika kumi, halafu usome mistari mitatu inayohesabu fremu zilizopotea. Wengi wanaichanganya, na ndiyo maana wanatibu goti wakati kinachouma ni jino.

Mstari wa kwanza unahesabu fremu zilizokosekana kwa sababu picha ilichelewa kuchorwa. Hapo mwenye shida ni kadi ya picha. Mstari wa pili ni fremu zilizorukwa kwa sababu enkoda ilichelewa kusimba. Wa tatu ni fremu zilizoangushwa na mtandao. Bitireti inahusika na huo wa tatu tu. Prosesa haipumziki kwa sababu umeshusha bitireti: hesabu kubwa ya x264 ni kutazama kila fremu, kuikata vipande, na kutafuta kila kipande kimesogea wapi tangu fremu iliyopita. Kazi hiyo ni karibu ileile ukituma 6000 au 2500. Ulichopunguza ni nafasi ya kuandika matokeo, ndiyo maana umepata ukungu na joto ni lilelile.

Kinachobeba prosesa ni vitu vitatu: ukubwa wa picha, idadi ya fremu, na priseti. Piga hesabu mwenyewe: 1920 x 1080 x 60 ni pikseli milioni 124 kila sekunde. 1280 x 720 x 30 ni milioni 27.6. Umepunguza mzigo mara nne na nusu bila kugusa kitu kingine. Tena kwa fremu 60 enkoda ina milisekunde 16.7 tu kumaliza kila fremu, kwa 30 ina 33.3.

Na hiyo medium iache kabisa. OBS yenyewe huja na veryfast. Kutoka veryfast kwenda faster, fast, halafu medium, kila hatua inaiambia x264 itafute kwa undani zaidi. Kwenye prosesa ya kori nne inayoendesha GTA V wakati huohuo, nafasi hiyo haipo. GTA V ni mchezo unaopenda prosesa.

Tuletee namba za ile mistari mitatu.

---

mchezaji_himbi (Goma)

Aksanti mkubwa. Dakika kumi, mpangilio wa zamani:

kuchelewa kuchorwa 0.3%
kuchelewa kusimbwa 21.4%
mtandao 0%

---

fundi_ibanda (Bukavu)

Basi ni enkoda, hakuna mjadala. Fremu moja kati ya tano haikusimbwa. Mtandao wako hauna kosa, usiende kununua mega zaidi.

Sasa dawa. GTX 1650 yako ina NVENC, kipande cha pekee ndani ya chipu kinachosimba video tu. Hakitumii kori za prosesa, na hakichukui zile kori za kadi zinazochora mchezo. Ingia Paramètres, kisha Sortie, weka mfumo wa Avancé, na kwenye encodeur chagua NVIDIA NVENC H.264 badala ya x264. Kama NVENC haionekani kwenye orodha, draiva ya kadi ni ya zamani au haijakaa vizuri; isakinishe upya kwanza.

Halafu weka hivi: bitireti ya kudumu, yaani CBR, 2500. Fremu ya msingi (keyframe, picha kamili) kila sekunde 2, usiache 0. Priseti P4. Profile high. B-frames 2. Look-ahead, ile ya kutazama fremu zijazo, izime. Kile cha kurekebisha picha kwa jinsi jicho linavyoona, kinachoandikwa psycho, nacho kizime kwa sasa, kwa sababu hivyo viwili vinaomba nguvu kutoka kwenye kori za kuchora.

Ukubwa wa picha ubadilishie kwenye ukurasa wa Vidéo: ukubwa wa turubai (picha ambayo OBS inapanga) uache 1920x1080, ukubwa wa kutoka uweke 1280x720, kichujio Bicubic, fremu 30. Usiupunguzie kwenye ukurasa wa Sortie. Kwenye matoleo mengi ya zamani ya OBS kupunguza kule kunafanywa na prosesa, wakati kwenye ukurasa wa Vidéo kunafanywa na kadi kwa gharama ndogo sana. Nimeona watu wengi wamehamia NVENC vizuri kabisa, kisha kisanduku hicho kimoja kikawarudishia mzigo.

Kwa anayehesabu mega: 2500 ya video na 128 ya sauti ni takriban 1.18 GB kwa saa. 6000 na 128 ni karibu 2.76 GB.

---

yaya_bagira (Bukavu)

Naongezea kitu ambacho laptopu nyingi za hapa zinakutana nacho. Kwenye laptopu kama hiyo prosesa na kadi mara nyingi vinapozwa na mabomba yaleyale ya shaba. x264 ikipasha prosesa, hata kadi inajishusha kasi.

Fungua Gestionnaire des tâches, ukurasa wa prosesa, utazame kasi yake kwa GHz wakati unarusha. i5-9300H ina kasi ya msingi 2.40 na inaweza kupanda hadi 4.10. Ikikaa 3.5 na zaidi, iko salama. Ikianza 3.9 halafu baada ya dakika chache ikashuka chini ya 2.4, ni joto: fungua kifuniko, toa vumbi kwenye mapezi ya feni. Goma vumbi la mawe ya volkano ni laini, linajenga zulia kati ya feni na mapezi, na kupuliza kwa nje hakulitoi. Shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Kama mashine ina miaka mitatu na zaidi, badilisha pasta ya joto pia.

Ikiwa kasi imeganda karibu 0.8 GHz hata mashine ikiwa baridi, tazama umeme. Laptopu nyingi zenye GTX 1650 huja na chaja ya wati 135 au 150. Ile ya sokoni ya wati 65 inaweza kuwasha mashine na kuchaji taratibu, lakini mashine inajizuia isivute kupita kiasi. Vilevile ukirusha kwa betri umeme ukikatika, kadi na prosesa vyote vinashuka, na hakuna priseti itakayokuokoa. Bora kusimamisha matangazo.

---

mchezaji_himbi (Goma)

Chaja ni ya wati 135, kasi inakaa 3.6. Nimefuata yote. Prosesa sasa 55 hadi 62%, onyo limetoweka. Lakini:

kuchelewa kuchorwa 5.8%
kuchelewa kusimbwa 0%
mtandao 0%

Picha inarukaruka kidogo, si kama mwanzo. Kadi iko 99%.

---

fundi_ibanda (Bukavu)

Vizuri sana, shida imehama na imejionyesha mahali ilipo. Zamani prosesa ilikuwa inabana mchezo. Sasa mchezo uko huru, unachora fremu nyingi kadiri kadi inavyoweza, na kadi ikiwa 99% haibaki na nafasi ya OBS kupanga picha yake. NVENC haina njaa, ila turubai ya OBS lazima ichorwe kwanza na zilezile kori za mchezo.

Ufunge mchezo kwenye fremu 60. Washa V-Sync (inayolinganisha fremu na kasi ya skrini) ndani ya GTA V kama skrini yako ni ya 60 Hz, au weka kikomo cha fremu kwenye paneli ya NVIDIA. Lengo kadi ishuke hadi 85 au 90%. Isiposhuka, punguza ndani ya mchezo ubora wa nyasi na MSAA (ile ya kulainisha kingo za picha). Hivyo viwili ndivyo vinavyokula sana kwenye GTA V.

Kisha funga OBS, bonyeza ikoni yake kwa kitufe cha kulia, chagua Exécuter en tant qu'administrateur. Kwenye Windows 10 na 11 hiyo inaipa OBS haki ya kupita mbele kwenye foleni ya kadi.

---

lshi_kamalondo (Lubumbashi)

Mimi nauliza hapohapo. Mashine ya mezani, i5-10400F na GT 1030. Kwenye orodha ya encodeur naona x264 tu. Draiva ni mpya. NVENC imekwenda wapi? Mtu mmoja ameniambia niwashe Quick Sync, enkoda ya Intel, kwenye BIOS.

---

yaya_bagira (Bukavu)

Ndugu, hakuna cha kuwasha. Herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel inamaanisha haina kadi ya picha ya ndani inayofanya kazi, na Quick Sync inakaa ndani ya kadi hiyo. Ushauri wa BIOS ungefaa kwa i5-10400 isiyo na F. Na GT 1030 haina NVENC kabisa, draiva haitaileta. Kwa AMD mtego ni uleule: RX 6400 na RX 6500 XT hazina kipande cha kusimba. Ulizeni kabla ya kulipa.

Ila usihuzunike, una kori sita na nyuzi kumi na mbili. x264 veryfast, 720p (1280x720), fremu 30 itabebwa bila shida na michezo ambayo GT 1030 inaweza kuchora. Ukiona fremu zinarukwa, shuka superfast kabla ya kushusha ukubwa wa picha. Kwenye kisanduku cha tune acha bila kitu: watu huweka zerolatency wakidhani itapunguza kuchelewa kwa watazamaji, lakini kuchelewa kule kunatokana zaidi na seva na bafa ya mtazamaji (video inayohifadhiwa kwanza kabla ya kuonyeshwa), nawe unapoteza ubora bure.

---

fundi_ibanda (Bukavu)

Na kama unarekodi huku ukirusha, kwenye sehemu ya kurekodi chagua kutumia enkoda ileile ya matangazo. Ukichagua x264 nyingine pale, prosesa inasimba mara mbili picha moja. Zile kurasa za wavuti za kuonyesha maoni na michango nazo ziweke zijizime zisipoonekana. Kila moja ni kivinjari kamili kinachokimbia nyuma.

---

mchezaji_himbi (Goma)

Mkubwa, yaya, aksanti sana. V-Sync imewashwa, MSAA imezimwa, OBS inafunguliwa kama administrateur. Saa moja na nusu: kuchorwa 0.1%, kusimbwa 0%, mtandao 0.4%. Kadi 84%, prosesa 50 hadi 58%. Nijaribu 720p fremu 60 sasa?

---

fundi_ibanda (Bukavu)

Jaribu, NVENC itaibeba. Ila kwa fremu 60 bitireti ya 2500 itaonyesha miraba ukiendesha gari kwa kasi. Panda hadi 3500 au 4000, na uhesabu 1.6 hadi 1.9 GB kwa saa. Mstari wa mtandao ukipita 1%, rudi 30. Na ile RAM, ukipata bareti ya pili ya 8 GB yenye kasi ileile, iweke: GTA V, OBS na kivinjari ndani ya 8 GB ni msongamano, na bareti mbili zinaipa prosesa njia mbili za kumbukumbu badala ya moja.