Saruji mifuko 20 kwa kaburi moja? Mafundi wa makaburini, tuheshimiane

#1

Wakuu habari,

Kujengea kaburi Dar kuna bei mbili: bei ya ujenzi na bei ya msiba. Ukifika na macho yamevimba unatajiwa ya pili. "La vigae milioni mbili na nusu, la graniti milioni sita, hiyo ni maliza kabisa." Vipimo hakuna, idadi ya vifaa hakuna, na ukiomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unaangaliwa kama umemtukana marehemu. Kamati ya msiba nayo inalipa kimya kimya, kwa sababu hela ni ya rambirambi na hakuna anayetaka kusemwa kwamba alimbania marehemu.

Haya, tuhesabu. Chukua shimo la mtu mzima, mita 2.1 kwa sentimita 75. Juu yake unamwaga jamvi la zege la mita 2.5 kwa 1.2, unene sentimita 10. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) hiyo ni mifuko 2 ya saruji, ndoo 7 za mchanga na ndoo 14 za kokoto, ndoo za lita 20. Nondo za milimita 10: vipande 6 vya kwenda urefu na 13 vya kukatiza. Nondo tatu za mita 12 zinatosha na kipande kinabaki. Juu ya jamvi ni boksi la tofali za inchi 6, kozi (safu) mbili, tofali 26. Nunua 30 kwa sababu zitavunjika njiani. Kujengea tofali mfuko 1, zege la juu mfuko 1, lipu na kulazia vigae mfuko mmoja na nusu, kinachobaki ni ukuta mdogo wa kichwani. Jumla mifuko 7, na hapo fundi amemwaga kidogo chini. Vigae vya 30 kwa 60, zile boksi za vipande 8, boksi 6.

Saruji ikiwa shilingi 16,000 mfuko, mifuko 7 ni 112,000. Halafu unaletewa karatasi imeandikwa "saruji mifuko 20". Ishirini! Ni kaburi hilo au kibanda cha mlinzi?

Na hiyo 13 ya ziada usidhani imeingia kwenye jamvi. Mara nyingi jamvi lenyewe halipo. Wanasawazisha kifusi, wanapanga tofali juu ya udongo uliofukiwa juzi, wanalipua vigae, wanapiga picha, kwaheri. Udongo wa futi sita uliorudishwa kwa chepe umejaa hewa. Masika ya kwanza unatitia, kona za boksi zinapasuka, maji yanapita kwenye ufa na kukaa nyuma ya vigae. Mwaka unaofuata unaitwa tena "ukarabati", bei mpya. Jamvi linatakiwa kuwa pana kuliko shimo, sentimita 20 kila upande zikalie ardhi ambayo haijawahi kuchimbwa. Kazi yote ya kaburi imelala kwenye hizo sentimita 20, na ndizo zinazoibiwa kwanza kwa sababu hazionekani kwenye picha.

Vigae navyo. Vile vya ukutani vya seramiki hunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Vimetengenezwa kwa ajili ya jikoni, siyo kwa jua la Kinondoni. Poselini hunywa chini ya asilimia 0.5. Lakini kwa kuwa hainywi, haishiki kwenye niru ya saruji tupu, inataka gundi ya vigae. Fundi anakutoza poselini, analaza kwa saruji, tena kwa vidonge vitano: vinne pembeni, kimoja katikati. Chukua sarafu ya shilingi 200, gonga kigae kimoja kimoja. Kinacholia "ko ko" kina uwazi chini na kitabanduka.

Kwenye graniti ndiyo tunanyonywa kabisa. Unauziwa "graniti nyeusi" ambayo ni jiwe la kijivu lililopakwa rangi. Nenda na pamba nyeupe na asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, sugua upande wa nyuma na kwenye ukingo. Pamba ikitoka nyeusi, ondoka. Kama unashuku ni jiwe la marumaru unalouziwa kwa jina la graniti, dondoshea tone la ndimu, subiri dakika chache, futa. Marumaru inabaki na doa lisilong'aa.

Herufi je? Kuna wanaohesabu herufi moja moja. Mstari wa Ayubu, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe", una herufi 48. Kwa 2,000 kila herufi, Ayubu peke yake ni 96,000, hujaweka jina la marehemu. Na mashine inachora yenyewe, fundi anakunywa chai.

#2

Mleta uzi, hesabu yako ya vifaa iko sawa, hapo sibishani. Ila umeandika kama mtu anayejenga uwani kwake. Makaburi mengi hayana bomba, maji yanakuja kwa madumu kwenye guta. Toroli haipiti kati ya makaburi, kwa hiyo zile ndoo 14 za kokoto zinakwenda kichwani. Umeme hakuna, grainda ya kukatia vigae inataka jenereta na petroli. Fundi mmoja na saidia wawili, siku tatu. Hizo ni gharama halali, ila ziandikwe, siyo kufichwa ndani ya mifuko 20 hewa.

Pia tuwaambie wafiwa ukweli: haraka ni yenu. Mnataka kaburi liwe tayari kwenye arobaini kwa sababu ndugu wa mkoani wanakuja. Weka msalaba wa mbao, acha masika ipite, ongeza udongo pale ulipotitia, ndipo ujenge. Kama lazima iwe siku ya maziko, jenga tangu chini: shimo lipanuliwe, tofali zipande ndani pande zote, juu ya jeneza zifunikwe slebu za zege. Slebu za mita 1 kwa sentimita 50, unene sentimita 7, zenye nondo. Moja ni kama kilo 84, watu wanne wanaishusha kwa kamba. Zimwagwe angalau siku 7 kabla na zimwagiliwe maji. Slebu iliyomwagwa asubuhi kwa maziko ya saa kumi itakatika katikati.

#3

Kuongezea kwenye graniti: jiwe la milimita 20 lina kilo 54 kwa mita mraba. Kifuniko cha mita 2.2 kwa 1 ni kilo 119, sasa libandike juu ya boksi lisilo na jamvi uone. Jiwe la kichwani lisisimamishwe kwa gundi peke yake. Toboa, weka pini mbili za chuma kisichopata kutu, sentimita 10 ndani ya jiwe na 10 ndani ya zege. Wakikata vipande vya nondo ya kawaida, vitapata kutu, kutu inavimba, jiwe linapasuka kuanzia chini. Na mchoro wa leza ni wa juu juu tu. Ukitaka unaodumu ulizia wa kupigwa mchanga, uingize kidole usikie shimo la herufi.

#4

Huku kwetu Waislamu wengi hatujengei, mashahidi mawili tu, yaani vijiwe vya alama, kichwani na miguuni. Na bado kijiwe cha futi mbili kinatajwa kwa laki. Msiba hauna dini kwa hawa jamaa.

#5 (mleta uzi)

#2 nakubali maji na jenereta, weka kwenye karatasi nitalipa. Ninachoongeza mimi ni utaratibu wa malipo. Kianzio kiwe cha vifaa tu, awamu ya pili jamvi likishaonekana na kupimwa kwa futi kamba kabla ya tofali ya kwanza, na asilimia 30 ibaki mpaka siku 7 za kumwagilia ziishe na sarafu igonge kila kigae. Maandishi ya kibao yachapwe kwanza kwenye karatasi, ukubwa wake halisi, watu wawili wa familia wasome tarehe wakiwa na kitambulisho cha marehemu mkononi, ndipo jiwe liguswe. Tarehe ikikosewa kwenye jiwe haifutiki, unanunua jiwe jingine.

Mwenye fundi anayeandika unene wa jamvi kwenye karatasi ya bei amweke hapa. Wa kutuma picha za Instagram tunao wa kutosha.