Kufungua chipu za zamani na kuzipiga picha: kauri, kopo au plastiki? Na hadubini ipi?

Fundi_Chumbageni aliandika:

Habari zenu wadau. Nimerithi kwa mjomba maboksi mawili ya bodi za zamani: za kompyuta, za redio, na nyingine hata sijui zilikuwa za nini. IC (chipu) nyingi zimekufa. Badala ya kuzitupa nataka kuzifungua, nione kigae cha silikoni kilichomo ndani, nikipige picha na nijifunze kusoma mistari yake.

Nimetenga mafungu matatu. Kuna za kauri zenye miguu pande mbili, mojawapo ni EPROM ya 2716 (chipu ya kumbukumbu inayofutika kwa mwanga) yenye kidirisha. Kuna za kopo la chuma la duara lenye miguu 8. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, ni za plastiki nyeusi. Nina bloa ya kufanyia simu, msumeno wa chuma, jiriwa, na naweza kuazima hadubini ya maabara ya shule. Nianze na zipi? Hiyo hadubini itatosha au nitafute nyingine?

---

Bi_Saketi (Nairobi) alijibu:

Swali la hadubini ndilo la kwanza, mengine yatafuata. Mimi nilipoteza Jumamosi mbili kwa kutolijua hili. Hadubini ya biolojia inapitisha mwanga kutoka chini, upenye kwenye kitu, ufike kwenye lenzi. Ngozi ya kitunguu inapitisha mwanga. Silikoni haipitishi. Utaweka chipu yako pale, utachungulia, utaona giza na kivuli cha mraba.

Unachohitaji ni hadubini ya metali, ile ambayo mwanga wake unashuka kupitia lenzi ileile unayotazamia, unagonga kigae na kurudi juu. Kigae ni kama kioo, kwa hiyo ukikimulika na tochi kutoka pembeni mwanga unarukia upande wa pili, haurudi kwenye lenzi. Ndiyo maana picha za watu wengi zina mistari michache inayong'aa na kwingine kote ni weusi.

Vile vijihadubini vya USB vyenye taa za LED kuzunguka lenzi viko katikati. Utaona umbo la kigae na nyaya zake, na mtoto atafurahi. Kusoma saketi, hapana, hata kama boksi limeandikwa mara 1000.

---

Mzee_Valvu alijibu:

Bi Saketi amesema kweli, ila asimkatishe kijana tamaa. Hadubini ya shule inatumika kwa hila moja. Chukua kile kipande chembamba cha kioo cha kufunikia sampuli, kiegemeze kwa nyuzi 45 kati ya lenzi na chipu, kisha mulika na tochi kutoka ubavuni. Kioo kitaangusha sehemu ya mwanga moja kwa moja juu ya silikoni, nao utarudi ukipita kwenye kioo hichohicho hadi kwenye jicho lako. Rangi zitatokea ghafla, utashtuka.

Lakini ni kwa lenzi ya mara 4 tu, kwa sababu ina nafasi ya kutosha chini yake. Ya mara 10 ni kubanana. Ya mara 40 inakaribia kugusa kitu chenyewe, kioo hakipiti.

Sasa kuhusu mafungu yako. Anza na makopo. Watu hukimbilia prosesa kwa sababu ya jina, wanaishia kutazama mji mzima kutoka angani bila kujua mtaa hata mmoja. Kopo la miguu 8 mara nyingi ni op-amp (saketi ya kukuza ishara za umeme), na ikiwa juu limeandikwa 741 una bahati. Ile ilitoka kampuni ya Fairchild mwaka 1968, kazi ya Dave Fullagar. Ina transista kama 20 tu, kubwa za kutosha kuhesabika. Na ina kapasita ya pikofaradi 30 ndani ya silikoni yenyewe, ambayo ndiyo iliyoipa sifa, maana zilizoitangulia zilitaka uweke kapasita ya nje. Utaiona: bapa moja pana, limekula nafasi kuliko kitu kingine chochote. Mchoro wa saketi yake umechapishwa kila mahali, kwa hiyo unaweka mchoro kushoto, picha kulia, unatafuta transista moja baada ya nyingine. Huko ndiko kusoma.

Kata juu kidogo ya ukingo wa chini, taratibu, ukizungusha kopo. Usikandamize msumeno.

---

Kijana_Z80 alijibu:

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, op-amp inachosha 😅. Yeye ana boksi zima la plastiki, humo kunaweza kuwa na prosesa ya Z80 au 6502. Hivi mnajua 6502 ya mwaka 1975 ina transista zipatazo 3,500 tu? Kigae chake ni takriban milimita 4 kila upande, tabaka la metali ni moja. Kuna watu, Greg James na wenzake Brian na Barry Silverman, walikipiga picha, wakachora kila umbo la kila tabaka, kisha wakatengeneza mradi wa Visual 6502 ambapo unaiona chipu ikifanya kazi kwenye kivinjari, transista kwa transista. Yote ilianza na picha za hadubini.

Plastiki inatoka kwa asidi. Nimesikia pia unaweza kuichemsha kwenye ile rozini ya kulehemu. Kuna aliyejaribu nyumbani?

---

Maabara_Moro alijibu:

Nafanya kazi kwenye maabara ya kemia, naomba nisikike vizuri hapa.

Plastiki ya IC ni epoksi iliyochanganywa na unga wa silika. Inayoila vizuri ni asidi ya naitriki kali ile inayotoa moshi mwekundu, au salfuriki iliyokolea ikiwa ya moto sana. Asidi ya betri unayonunua dukani haiifikii hata robo ya kazi hiyo, na ukiamua kuichemsha ili ikolee, unajitafutia upofu. Mimi nina kabati la kuvuta hewa, glavu za kazi na mtu wa pili chumbani, na bado siku ya naitriki sipendi.

Rozini inafanya kazi, sikatai. Inabidi ipite nyuzi 300, ichemke muda mrefu hadi epoksi iwe kama mkaa, kisha unasafisha kwa asitoni. Moshi wake unaleta pumu, na asitoni karibu na moto mnajua mwisho wake. Wengine huchoma chipu kwa moto wa gesi hadi plastiki ivunjike kwa vidole. Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayoharibu zaidi: kigae kinapasuka, na moshi una kemikali za kuzuia moto ambazo hutaki mapafuni.

Na yeyote atakayekushauri utumie dawa ya kutoa kutu yenye asidi ya haidrofloriki ili uone tabaka za chini, mkimbie. Ile haiunguzi hapo hapo. Inapenya ngozi kimya kimya na kufuata kalsiamu mwilini, moyo unaweza kusimama.

Kwa hiyo kwangu plastiki iko nje ya mashindano. Siiweki nafasi ya tatu, naitoa kabisa.

---

Mzee_Valvu alijibu:

Marahaba Kijana. Umemsikia Maabara.

Nami niongeze la kwangu. Kwenye bodi za redio, hasa za mitambo ya kurushia matangazo, kuna transista za nguvu zenye kauri nyeupe ndani. Baadhi ni oksidi ya berili. Zikiwa nzima hazina neno, lakini vumbi lake likivutwa linaharibu mapafu moja kwa moja. Hizo usikate, usisage, usipige nyundo. Ziache kwenye boksi.

---

Bi_Saketi alijibu:

Turudi kwenye kauri, maana ndiko prosesa zinakopatikana bila asidi. Chumbageni, soma herufi. Kwa Intel herufi ya mwanzo inasema kila kitu: C ni kauri yenye kifuniko cha metali, mara nyingi cha rangi ya dhahabu, D ni kauri mbili zilizobandikwa kama mkate na mkate, P ni plastiki. Kwa hiyo D8086 na P8086 ni chipu moja, nguo tofauti. Kwa Texas Instruments tazama mwisho: J ni kauri, N ni plastiki.

Ya D: ibane ubavuni kwenye jiriwa, weka ncha ya patasi kwenye ule mstari wa katikati, gonga kidogo. Kinachoshikilia ni kioo kilichoyeyushwa, kinakatika mara moja na kifuniko kinaruka. Vaa miwani. Nimeshapoteza vigae viwili vilivyopasuka pamoja na kifuniko, hesabu hasara hiyo mapema.

Ya C: kifuniko kimelehemiwa kwa mchanganyiko wa dhahabu na bati unaoyeyuka nyuzi 280. Bloa yako inafika, ila kauri inameza joto, kuwa mvumilivu. Wembe mkali kwenye ukingo, kinainuka.

Lakini tafadhali, ukikuta C4004 usiiguse! Hiyo ya mwaka 1971 ndiyo prosesa ya kwanza ya Intel, wakusanyaji wanaililia. Picha za ndani yake zipo tayari, hadi herufi F.F. ambazo Federico Faggin alizichora ukingoni. Fungua zilizokufa na zilizo za kawaida.

---

Kijana_Z80 alijibu:

Na ile 2716? Si ina dirisha tayari? Hakuna hata haja ya kufungua.

---

Bi_Saketi alijibu:

Kweli, na kwa siku ya kwanza ndiyo namba moja kwangu, mbele ya kopo la Mzee (anisamehe). Utaona uwanja mkubwa wa seli, sare kama mkeka, na pembeni saketi za kuchagulia safu. Tatizo ni kwamba kile kidirisha cha kwatzi kinakaa juu ya kigae, kwa hiyo lenzi za kukuza sana haziwezi kusogea karibu na picha inakuwa na ukungu. Mara 4 au 5, basi.

Pia isome data kwanza kabla ya kucheza nayo. Dirisha liko pale ili mwanga wa urujuanimno ufute, na jua la moja kwa moja linaifuta kwa muda wa wiki hivi. Ndiyo maana mafundi walibandika karatasi juu. Huenda mjomba aliacha programu humo.

---

Saleh_Muscat alijibu:

Mimi nimenunua hadubini ya metali, AmScope, mamia kadhaa ya dola, kwa hiyo niwape upande wa aliyelipa. Lenzi ninayoitumia karibu kila siku ni ya mara 10. Ina uwezo wa kutenganisha vitu vya zaidi kidogo ya maikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), na mistari ya 6502 ni kama maikroni 8. Inatosha kabisa. Ya mara 40 inakaa kwenye boksi. Chipu za leo hata mkinipa hadubini ya dhahabu hazionekani, mistari yake ni midogo kuliko wimbi la mwanga wenyewe.

Kilichonipa taabu ni kusawazisha. Chipu ikiinama kidogo tu, kona moja iko wazi na nyingine ukungu. Nailaza juu ya udongo wa kuchezea wa watoto na kuibonyeza kwa kioo bapa. Kisha picha nyingi, kila moja ikipanda juu ya mwenzake kwa karibu theluthi, naziunganisha kwa Hugin, programu ya bure. Mwanga na mipangilio ya kamera usibadilishe katikati, picha itakuwa viraka kama kanga kuukuu.

Rangi zisikudanganye pia. Kijani na waridi havitoki kwenye rangi yoyote, ni unene wa oksidi unaochezea mwanga, kama mafuta ya taa juu ya dimbwi. Fuata maumbo. Kwenye chipu za zama za 6502, pale mstari wa polisilikoni (silikoni ya fuwele ndogondogo) unapokatiza silikoni iliyotiwa "uchafu" wa makusudi ili ipitishe umeme, hapo kuna transista.

---

Fundi_Chumbageni alijibu:

Asanteni sana. Naleta ripoti.

2716: mjomba hakuacha kitu, ilikuwa tupu. Mkeka niliuona.

Makopo: la kwanza nilikandamiza msumeno kama nilivyokatazwa, nyaya zote zikaenda na mfuniko. La pili limetoka safi. Hila ya kioo imefanya kazi, nilikishikilia kwa kibanio cha nguo, tochi ya simu, kamera ya simu kwenye lenzi ya jicho. Kapasita ya 741 nimeiona, ni pana kweli Mzee, nilidhani ni kasoro. Transista nimehesabu 17 nikapotea, kesho naanza upya. Za plastiki nimezirudisha boksini.

Swali moja. Kwenye kona ya kigae kuna herufi ndogo tatu ambazo hazifanani na jina la kampuni lililoandikwa juu ya kopo. Nimekosea kopo?

---

Mzee_Valvu alijibu:

Hujakosea. Kampuni zilikuwa zikinunuliana vigae na kila moja ikivisha kopo lake. Piga tena ile kona, tochi uihamishie upande wa pili, halafu weka picha hapa tuone ni mtoto wa nani.