Gari la gia linanirudi nyuma mlima wa Riat: naomba ushauri

MwalimuWaKiboswa:
Wadau, hamjambo. Naomba ushauri kwa mnaoendesha magari ya gia, hasa mlio upande huu wa Kisumu, Vihiga na Kakamega.

Leseni ninayo, na mtihani niliufanya kwa gari la gia. Lakini mafunzo yenyewe yalikuwa Kisumu mjini, tambarare tupu. Sasa nimehamishiwa shule iliyo upande wa Kiboswa na kila asubuhi lazima nipande Riat kutoka Mamboleo. Gari likiwa kwenye mwendo sina wasiwasi. Shida ni kusimama. Matatu ya mbele inasimama kushusha abiria, au lori linajikokota juu ya tuta, nami nabaki nimening'inia pale mlimani huku gari jingine limenigandia nyuma. Nikiachia breki, gari linarudi. Nikiwahi kuachia klachi, linazima. Nikiongeza mafuta, linachupa kuelekea matatu ya mbele.

Honi za watu nimezizoea. Kinachonitia hofu ni bodaboda. Zinajipenyeza nyuma ya gari langu, mara nyingi zimebeba watoto wa shule, na zikikaribia sana sizioni kwenye kioo chochote. Siku gari likirudi zaidi kidogo, sijui itakuwaje.

Nyumbani wananiambia niliuze ninunue otomatiki. Gari ni la petroli, injini yake nzima, na sitaki kuliuza kwa sababu ya mlima. Naomba mnieleze polepole: nitumie handbreki au miguu? Nitajuaje kwamba klachi imeshika? Na mazoezi nifanyie wapi bila kuhatarisha mtu?

DerevaMstaafuKakamega:
Mwalimu, usiuze gari. Nimeendesha malori na mabasi kwa miaka mingi, na wote niliowafundisha walilishika jambo hili walipoacha kushindana na gari kwa haraka. Mlimani hakuna mbio za miguu. Handbreki ndiyo inayokupa nafasi ya kufanya kila kitu taratibu.

Ukisimama, kanyaga breki ya mguu mpaka gari litulie kabisa, kisha vuta handbreki kwa nguvu. Toa mguu kwenye breki taratibu uone kama gari limekaa. Likikaa, huna haraka tena, hata nyuma wakipiga honi. Klachi chini kabisa, tia gia ya kwanza. Mguu wa kulia uguse mafuta mpaka usikie injini imepanda sauti kidogo. Kama una mshale wa mizunguko ya injini, kati ya 1,500 na 2,000 kwa dakika panatosha. Ushike hapo hapo, usicheze nao.

Sasa inua klachi polepole sana. Kuna mahali sauti ya injini itashuka na kuwa nzito, kama gari lina mshale utauona unarudi chini kidogo, na boneti itainuka mbele ya macho yako. Nyuma ya gari nako kutajikaza chini. Hapo ndipo klachi imeshika, ndipo sisi tunaita balansi. Gari linavuta handbreki kama punda anayetaka kuondoka na kamba bado imefungwa. Mguu wa kushoto ugande hapo. Usiuinue, usiushushe. Tazama vioo na juu ya bega lako, halafu ndipo ushushe handbreki.

Wanafunzi wengi huharibu hapa. Mkono ukishusha handbreki, mguu wa kushoto nao unaruka, na gari linazima. Mkono ufanye kazi yake, miguu itulie. Gari likianza kutambaa ongeza mafuta kidogo, kisha malizia kuachia klachi likiwa tayari linakwenda.

Na ukishusha handbreki ukaona gari linarudi, usihangaike kutafuta mafuta. Kanyaga klachi na breki kwa pamoja, vuta handbreki, uanze upya. Kuanza upya si aibu hata kama msururu nyuma unafika Mamboleo.

NjiaYaBusia:
Mimi ni wa matatu, Kisumu–Busia. Kwa heshima ya mzee hapo juu, sisi handbreki hatuigusi tukipakia. Mguu wa kulia uko kwenye breki, unainua klachi mpaka unasikia gari inatetemeka na kujikaza, halafu mguu wa kulia unahamia mafuta. Gari haiendi popote kwa sababu klachi imeshaishika. Tukipanda kutoka Kisian kwenda Maseno tunasimama kila stejini, na kila steji iko mlimani. Ukivuta handbreki kila mara utachelewa na mkono utachoka. Dada, zoea miguu mapema.

FundiWaKibuye:
Ndugu wa Busia, unalosema linafanya kazi kwako kwa sababu mbili. Unafanya jambo hilo kutwa nzima, na gari lako ni dizeli. Dizeli ina nguvu hata injini ikizunguka polepole, kwa hiyo inaweza kushika bila mafuta na isizime. Gari dogo la petroli halina nguvu hiyo chini. Ukilipeleka hivyo kwenye mlima mkali linazima, na likizima, ukikanyaga breki mara chache tu inakuwa ngumu kwa sababu injini haiisaidii tena. Mwalimu aanze na handbreki. Njia ya miguu ataipata yenyewe baadaye, kwenye miinuko midogo.

Mwalimu, tuone mlima unakufanyia nini hasa. Gari la kilo 1,000 likisimama kwenye barabara inayopanda mita 1 kwa kila mita 10, linavutwa nyuma kwa nguvu ya mzigo wa kama kilo 100. Huo ndio mzigo unaoubebesha handbreki. Ukipakia walimu wenzako wanne unaongezeka. Kwa hiyo kabla ya kulaumu miguu yako, pima handbreki. Tafuta mlima usio na mtu wala gari nyuma, vuta handbreki, weka nyutro (gari lisiwe kwenye gia yoyote), toa mguu kwenye breki polepole huku uko tayari kuikanyaga tena. Gari likirudi, kosa liko kwenye handbreki yenyewe. Waya wa handbreki hulegea kadiri miaka inavyokwenda, na breki za nyuma zikilika handbreki inapanda meno mengi (ile milio unayosikia ukiivuta) bila kushika. Ikiwa unaivuta mpaka inakaribia kusimama wima, mpelekee fundi akaze. Ni kazi ndogo na haina gharama kubwa.

Jambo la pili, na hili naliona kila wiki: usilishikilie gari mlimani kwa klachi na mafuta ukisubiri matatu ya mbele iondoke. Unaona limesimama vizuri, lakini ndani pleti ya klachi inasuguana muda wote huo. Utasikia harufu kali ya kuungua. Harufu hiyo ni klachi yenyewe inaisha, na kuibadilisha lazima giaboksi ishushwe. Ukisimama zaidi ya sekunde chache, handbreki juu, nyutro, pumzisha mguu.

Mpitaji_Siaya:
Kwa nini mtu ateseke siku hizi? Otomatiki ziko tele. Uza, nunua, endesha.

DerevaMstaafuKakamega:
Ndugu yangu wa Siaya, leseni ya gari la gia anayo tayari na gari ni zima. Hata otomatiki ikiwa kwenye mlima mkali inaweza kurudi kidogo ukitoa mguu kwenye breki. Kuna magari mapya yanayoshika breki yenyewe kwa sekunde kama mbili mlimani, lakini dereva anayejua kuondoka mlimani ataendesha lolote atakalopewa. Leo ni la kwake, kesho anaitwa usiku kupeleka mgonjwa hospitali na gari lililopo ni pikapu ya jirani.

MamaWaMenengai:
Mwalimu, mimi niko Nakuru na nilijifunza kwenye barabara ya kutoka Milimani kwenda juu Menengai. Wanaume walinipa ushauri wa miguu, wa handbreki, wa kila kitu. Kilichonisaidia ni kujua klachi ya gari langu kabla ya kuupeleka mguu mlimani.

Nenda mahali tambarare, uwanja wa shule yako siku ya Jumapili utafaa ukiwa hauna watoto. Tia gia ya kwanza, mguu wa kulia usiguse chochote. Inua klachi polepole mpaka gari lianze kutambaa lenyewe. Kanyaga, lisimame. Rudia, rudia, mpaka uweze kulisogeza hatua moja tu na kulisimamisha. Mguu wako utajua pale klachi inaposhikia hata ukifumba macho (usifumbe lakini!). Kila gari linashika mahali pake. Lingine karibu na sakafu, lingine juu kabisa. Ndiyo maana gari la shule ya udereva halikukufundisha hili la kwako.

Baada ya hapo tafuta mwinuko mdogo, barabara ya ndani ya kijiji, mapema Jumapili, kabla ya ibada. Kisha mkali zaidi. Riat iwe ya mwisho. Chukua mtu mzima unayemwamini awe pembeni ya barabara na kigingi cha mbao, kama tanboi (msaidizi wa dereva) wa lori. Asisimame nyuma ya gari hata kwa dakika moja. Akikuona umevuta handbreki, anaweka kigingi nyuma ya gurudumu kutoka upande. Gari likiondoka kigingi kinabaki. Nilipojua kwamba gari haliwezi kurudi, miguu iliacha kutetemeka, na miguu isiyotetemeka ndiyo inayobalansi.

Jambo jingine ambalo watu wa Kisumu hamlifikirii: injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza nguvu kadiri unavyopanda juu, karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru ni kama 1,850. Ukija huku kututembelea au ukipanda Timboroa, ambako ni zaidi ya 2,700, mafuta yaleyale uliyozoea kukanyaga Riat hayatatosha. Sikiliza injini, usihesabu kwa mguu.

Kuhusu bodaboda za nyuma, dawa ni kupunguza kusimama: acha nafasi kubwa mbele yako. Ukisimama, uone matairi ya nyuma ya gari la mbele yanapogusa lami, na mlimani ongeza zaidi, maana hata wa mbele anaweza kurudi. Nafasi hiyo ndiyo inayokusaidia usilazimike kusimama: ukiona taa za breki za matatu mapema, unapunguza, unaingiza gia ya kwanza ukiwa bado unatambaa, na mara nyingi inaondoka kabla hujaifikia. Tuta la mlimani nalo, ingiza gia ya kwanza kabla ya tuta, si juu yake.

Na jioni ukishuka, tafadhali, usiweke nyutro eti unaokoa mafuta. Sisi tunaopita Salgaa tumeona mteremko unavyofanya magari ambayo breki zimepata moto. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia.

NjiaYaBusia:
Mama amesema vizuri kuhusu nafasi. Na mimi niwaambie wenzangu wa matatu walio humu: ukiona gari mbele ina alama ya L ya anayejifunza, au dereva anahangaika mlimani, usimgandie nyuma. Mita tatu nne hazikupunguzii abiria.

MwalimuWaKiboswa:
Nawashukuru sana nyote. Nimeleta majibu.

Fundi, ulikuwa sahihi. Nilipima handbreki kwenye barabara ya nyuma ya shule na gari likaanza kuteleza likiwa limevutwa mpaka juu. Waya umekazwa na breki za nyuma zimesawazishwa, sasa linashika kwa meno machache. Mama, zoezi la kutambaa tambarare nalifanya kila jioni uwanjani watoto wakishaondoka. Ile dalili ya boneti kuinuka, Mzee, nimeiona kwa macho yangu, na sauti inashuka kama ulivyosema. Kwenye mwinuko wa kijijini naondoka bila kurudi. Riat nilisimama nyuma ya lori la miwa, nikavuta handbreki, nikasubiri, likaondoka nikaondoka.

Nimebakiwa na swali moja. Shuleni tunaegesha kwenye mteremko, pua ya gari ikielekea chini ukutani, na jioni lazima nitoke kwa rivasi nikipanda. Utaratibu ni uleule?

DerevaMstaafuKakamega:
Hongera, Mwalimu. Ndiyo, ni uleule: handbreki juu, gia ya rivasi, mafuta kidogo, klachi mpaka ishike, ndipo ushushe handbreki. Tofauti ni kwamba safari hii likikushinda linakwenda mbele, ukutani. Dalili nayo inabadilika. Sikiliza sauti zaidi kuliko kutazama boneti. Rivasi inavuta kwa nguvu inayokaribiana na ya gia ya kwanza, kwa hiyo usiogope kwamba haitapanda. Geuka utazame kupitia dirisha la nyuma, usitegemee vioo vya pembeni tu.

Lakini ningekuwa wewe ningebadilisha asubuhi. Ingia kwa kurudi nyuma ukishuka, mguu ukiwa kwenye breki, uwanja ukiwa bado mtupu, ili jioni pua iwe inatazama juu na utoke ukiona mbele. Ukilaza gari pua juu, handbreki ishike na uache gia ya kwanza. Ukilaza pua chini, acha rivasi. Weka jiwe kwenye gurudumu upande wa chini. Na jioni, kabla ya kuliondoa jiwe na kuwasha, zunguka gari zima kwa miguu. Watoto wa shule hukaa popote penye kivuli.

MwalimuWaKiboswa:
Asante, Mzee. Jumatatu naingia kwa rivasi.