Anayeanguka kwenye shimo jeusi: anavuka kweli au anaganda mlangoni?

Wadau, kuna hoja inayorudiwa mno: kwamba anayeanguka kwenye shimo jeusi haingii kamwe, eti muda husimama kwenye upeo, ule mpaka ambao mwanga ukishauvuka haurudi. Napinga.

Kinachoganda ni picha yake inayotufikia sisi tulio mbali. Kadiri anavyoukaribia upeo, mwanga wake huchelewa zaidi kutufikia kutoka huko, hugeuka mwekundu, kisha hufifia hadi hakuna darubini ya kuunasa. Yeye hahisi lolote la namna hiyo. Saa yake inakwenda kama kawaida, moyo unadunda, na kwa hesabu za Einstein anavuka kwa muda wenye kikomo. Wanaodai kwamba kabla ya kuvuka ataona mustakabali wote wa ulimwengu nao wamekosea; anayeanguka bila kujizuia hufikiwa na sehemu ndogo tu ya mwanga utakaotoka nyuma yake.

Kama ataumia au la, ukubwa wa shimo ndio unaoamua. Shimo lenye uzito wa Jua mara 10 lina upeo wa nusu kipenyo cha kilomita 30 hivi, na hapo atachanika kabla hajafika, kwa kuwa miguu inavutwa kwa nguvu kubwa mno kuliko kichwa. Sagittarius A*, katikati ya galaksi yetu, ina uzito wa Jua mara milioni 4 hivi. Tofauti hiyo kwenye upeo wake ni ndogo hata hataigundua. Atavuka mzima! Tukilichukulia shimo hilo kuwa halizunguki, amebakiwa na muda usiozidi dakika moja na sekunde chache kabla ya kusagwa katikati, hata awashe injini gani.

Ubishi wa kweli uko kwingine. Mwaka 2012, wanafizikia Almheiri, Marolf, Polchinski na Sully walionyesha kwamba ikiwa mionzi ya Hawking, ile mionzi hafifu ambayo shimo huivujisha polepole, hurudisha nje taarifa zote za vilivyomezwa, basi upeo wa shimo kuukuu huenda ni ukuta wa moto: anayefika anateketea papo hapo. Hoja nzito, siidharau. Lakini inamtaka mtu aitupe kanuni ya Einstein kwamba anayeanguka huru hahisi uvutano, tena mahali ambapo, kwa shimo kubwa, mpindo wa anga ni mdogo kabisa. Bei hiyo siilipi.

Mnaoutetea ukuta huo, nijibuni: upeo hauna alama yoyote pale ulipo, na mahali pake hutegemea hata vitu vitakavyoanguka baadaye. Moto utajuaje pa kuwaka?