Papa ni mtu mmoja, ofisi inasema ni wawili

Mtoto wa Kenya, Liège:
Yambo benu wote, ni mimi wa Kenya, komini ya Lubumbashi. Dosye ya papa, baba yangu, imerudishwa na ofisi ya huku mara ya pili. Cheti cha kuzaliwa kinasema Élisabethville, 1958, jina la ubatizo mbele. Pasipoti inasema Lubumbashi, jina la ubatizo hakuna. Waliomba ushahidi wa zamani, nikapeleka buletini yake (ripoti ya shule) ya 1965 na Diploma ya Serikali ya 1976. Buletini imekunjwa mara nne, wino wa zambarau umeingia kwenye mikunjo, lakini muhuri unasomeka: shule ya Mtakatifu fulani, Élisabethville. Diploma inasema Instituti, jina la Kiswahili, Lubumbashi, Shaba, Zaïre. Mtumishi aliziweka kando kwa kando akaniambia: miji miwili, shule mbili, watu wawili. Jengo ni lilelile! Karatasi ya kuunganisha majina inatoka wapi: komini, tribinali (korti), au wizara ya elimu, ile iliyoitwa EPST? Supplétif, ile hukumu ya korti inayoshika nafasi ya cheti cha kuzaliwa, inatosha?

Mwana Kamalondo, Bruxelles:
Pole, dada. Mimi walinisumbua miaka miwili kwa herufi moja ya postnom, lile jina linalofuata jina la kwanza la ukoo. Waeleze historia. Élisabethville ikaitwa Lubumbashi 1966, nchi yetu Kongo ikawa Zaïre 1971, jimbo la Katanga likawa Shaba, na 1972 majina ya ubatizo yakapigwa marufuku. Shule nazo zikafuata. Collège Saint-François de Sales ya Wasalesiani ikawa Imara. Mobutu alizichukua zote mwaka ule wa 1972.

Papa wa Katuba, Namur:
Mdogo wangu, usimpoteze mtoto wa watu. Majina ni 1972, shule za dini ni 1974. Serikali ilizishika, ikashindwa kuziendesha, ikazirudisha kwa mkataba wa 1977. Ndiyo maana hadi leo tunasema écoles conventionnées, shule za mkataba. Hiyo diploma ya 1976 iliandikwa katikati ya miaka hiyo mitatu, mwambie mtumishi hivyo hivyo. Nilikuwa darasani. Waliondoa saa ya dini wakatuletea uraia na nyimbo za chama cha Mobutu. Mwalimu wetu alifuta jina la mtakatifu ubaoni kwa kiganja, chaki ikabaki mkononi mwake, akasimama kimya muda mrefu.

Mwana Kamalondo, Bruxelles:
Sawa, papa, 1974. Lakini hata uwanja wa mpira ulibadilishwa. Uliitwa Mobutu, leo ni Kibassa Maliba. Mtu akiandika alizaliwa karibu na Stade Mobutu, huku watautafuta wapi?

Yaya wa Ruashi, Lille:
Mpira wenyewe ulitoka shuleni. Timu yetu ya Mazembe ilianzishwa 1939 na mapadri Wabenedikto kwa ajili ya wanafunzi wa Saint-Boniface. Ikaitwa Saint-Georges, baadaye Englebert, na kwa jina hilo ikabeba kombe la vilabu vya Afrika 1967 na 1968. Hakuna anayesema ni timu mbili!

Mwana Kamalondo, Bruxelles:
Yaya, umesema kweli. Na sasa ina uwanja wake hapa kwetu Kamalondo tangu 2011. Watu 18,500, nyasi bandia. Siku ya kucheza na Lupopo, wapinzani wetu wa mji huohuo, hata bukari (ugali) haipikwi kwa wakati.

Papa wa Katuba, Namur:
Mnataja viwanja kwa furaha tu. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini, walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira Élisabethville kudai nyongeza ya mshahara. Askari wakawapiga risasi. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa. Watoto wetu wanafundishwa miaka ya makombe, hii hawafundishwi. Inaniuma.

Mama wa Kampemba, Charleroi:
Inauma, papa. Na mimi kinachoniuma ni leo. Gratuité, yaani elimu bure, ilitangazwa 2019 kwa shule za msingi za serikali, tukashangilia. Lakini kila Septemba simu inalia: uniforme, madaftari, na wale wa sekondari bado wanalipa. Mwezi huu nimetuma pesa za watoto watatu wa marehemu kaka yangu. Mdogo aliniwekea sauti kwenye WhatsApp akinisomea ukurasa mzima. Nyuma yake nilisikia mvua juu ya mabati. Nilisikiliza mara tano, nikalia jikoni.

Yaya wa Ruashi, Lille:
Mvua ya kwanza baada ya miezi ya vumbi jekundu. Mama, umenirudisha nyumbani.

Mtoto wa Kenya, Liège:
Asanteni, nimesoma yote, na papa nimemsomea. Anasema darasani kwao dirisha lilitazama bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na jina la shule lilipobadilika dirisha halikubadilika. Randevu yangu ni Jumanne saa tatu asubuhi. Jamani, ni komini au tribinali?

Mwana Kamalondo, Bruxelles:
Mwulize papa: alikuwa wa Englebert au wa Lupopo?